Jaribio likifeli linarudiwa mpaka lipite, halafu ripoti inaandikwa LIMEPITA. Nimechoka!

Wakuu, habari za usiku.

Nina hasira na sitaificha. Mwaka wa tatu huu naendesha majaribio ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux kwenye kampuni moja inayouza mashine za kuhifadhi data. Tunatumia xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili, ile iliyoanzia kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wa XFS, siku hizi inapima ext4, Btrfs na mingine mingi. Wiki iliyopita umeme ulikatika kwa mteja wetu. Uliporudi, mashine ikawaka lakini ext4 ikagoma kumaunti, yaani kufunguliwa ili itumike. Kazi ya watu ya siku nzima imepotea.

Kinachoniuma ni kwamba kasoro hiyo tulishaiona. Miezi miwili kabla, generic/475, moja ya majaribio ya xfstests, ilifeli mbele ya macho yangu.

Kwa wasioifahamu: 475 inaandika na kufuta mafaili kwa fujo, kisha katikati ya mzigo huo diski inageuzwa ianze kurudisha makosa matupu, kama imekufa ghafla. Baada ya hapo inamauntiwa upya ili mfumo wa faili usome jono yake (daftari la mabadiliko yaliyokuwa yakiandikwa) na kujirekebisha. Mchezo huo unarudiwa raundi 50 hivi. Kujirekebisha huko ndiko mashine ya mteja ilikoshindwa kufanya.

Nikaripoti. Jibu la mkuu wa kitengo: "Hiyo inajulikana kwa kuyumba, rudia." Utaratibu wetu ni huo, jaribio linaendeshwa hadi mara tatu, likipita mara moja tu limepita. Ikapita ya pili. Kijani. Toleo likaenda kwa wateja.

Hebu pigeni hesabu na mimi. Kasoro inayotokea mara 1 kati ya 5, ili utaratibu huu uikamate lazima ifeli mara zote tatu mfululizo. Hiyo ni mara 1 kati ya 125! Kwa hiyo tumejenga mtambo unaoruhusu kasoro kupita mara 124 kati ya 125, tukauita udhibiti wa ubora. Na ukirudia, faili la .out.bad la mwanzo, lenye matokeo ya kufeli, linafutwa, mashine pepe iliyoendesha jaribio nayo inabomolewa, dmesg (logi ya kerneli) inakwenda nayo. Ushahidi tunauchoma kwa mikono yetu.

Jaribio linaloyumba lina sababu yake. Inaweza kuwa skripti mbovu, inaweza kuwa nyuzi mbili za kerneli (kazi zinazokwenda sambamba) zinagombania data moja. Utajuaje kabla ya kutafuta? Na check yenyewe, skripti inayoendesha xfstests, ina chaguo la -L: jaribio likifeli inalirudia mara kadhaa na kukupa hesabu, ngapi zimepita, ngapi zimefeli. Kurudia kwa namna hiyo nakubali kabisa, maana kufeli kunabaki kwenye rekodi.

Bado sijamaliza. Mwezi uliopita tulihamishia majaribio kwenye seva mpya, mtu akasahau kuweka SCRATCH_DEV, yaani diski ya kuchezea, kwenye faili la mipangilio la local.config. Majaribio yote yanayoihitaji diski hiyo yakaandika notrun (halikuendeshwa) na kukaa pembeni, 475 ikiwemo. Ripoti yetu haihesabu notrun, inahesabu waliofeli tu. Waliofeli: 0. Watu wakapongezana kwenye kikao. Siku tisa! Jaribio ambalo halikukimbia halijapita, jamani, hili nalo linahitaji kubishaniwa?

Baada ya tukio la mteja nilikaa usiku kucha na kerneli yenye KASAN, kifaa cha kunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu, ambayo nilikatazwa kuitumia kwa sababu "inachelewesha toleo". Raundi ya 11 ikanionyesha: kiraka chetu wenyewe (mabadiliko tuliyoongeza kwenye kerneli) kinaachia bafa, sehemu ya kumbukumbu inayoshika data kwa muda, kabla uandishi wa jono haujakamilika, kisha sehemu nyingine inakuja kuisoma kumbukumbu ileile iliyokwisha kuachiwa. Mstari nimeuona, kurekebisha kulinichukua dakika arobaini. Dakika arobaini, wakuu, na mteja kapoteza siku nzima.

Kesho saa tatu asubuhi nina kikao. Mafaili yote ya .out.bad na logi za KASAN nimeshanakili pembeni. Nitadai kurudia kimyakimya kuondolewe, notrun iandikwe kwenye ripoti kwa idadi na sababu, na mashine iliyofeli isibomolewe mpaka mtu aikague.

Wenye uzoefu wa kusimamia majaribio kama haya, ni hoja gani iliyowahi kumfanya bosi wenu akubali toleo lichelewe? Naombeni kabla ya asubuhi.