Muuza mipira kaiita gari yangu BANDA LA KUKU mbele za watu!!

Asalaam aleikum wadau. Nimetoka huko sasa hivi hata viatu sijavua, nna hasira mpaka vidole vinatetemeka, mkiona nimekosea kuandika mnivumilie.

Kuna mtu hapa mjini anauza mipira ya gari, sina haja ya kumtaja, mnamjua, kila mwenye gari Unguja hii keshaumizwa naye. Yule anaekaa nje na kiti chake cha plastiki na kikombe cha kahawa tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, ukimpa salamu anaitikia kwa nyusi. Ndo huyo huyo. Leo kaiita gari yangu banda la kuku. Banda la kuku jamani! Gari iko juu ya jeki, ishavuliwa mguu mmoja, haina pa kukimbilia, na yeye anaitukana amekaa!

Gari yenyewe ni Datsun 240Z, kaniachia marehemu baba. Kwa wasiojua, hii ndo gari iloshinda Safari Rali ya Afrika Mashariki mwaka 1971, Edgar Herrmann usukani, na mwaka 1973 ikashinda tena na Shekhar Mehta. Porsche walikuwemo mwaka 71, wakaachwa kwenye tope huko. Silinda sita, mlio wake ukiwasha asubuhi majirani wanatoka vibarazani. Injini nimeshaitengeneza, bodi imenyooshwa, rangi imepakwa, imebaki mipira na rimu tu, maana zile rimu za chuma za zamani chumvi ya bahari imezila mpaka ukigonga na funguo zinadondosha maganda.

Sasa mie sikwenda kibubu bubu, nimekwenda na saizi nimeiandika kwenye karatasi. 175HR14, yaani upana milimita 175 na rimu ya inchi 14. Hiyo H ndo mwendo, mpira unastahamili mpaka kilomita 210 kwa saa. Nikampa karatasi kwa adabu, nikamwambia bwana nataka hii au iliyo karibu yake. Karatasi hakuisoma! Kaiweka chini ya kikombe cha kahawa, kamwita kijana wake, kijana kaja anabingirisha mipira ya Noah, 195R14C, ya plai nane, yaani tabaka nane. Nikasema bwana hii ya kubebea mizigo, gari yangu yote uzito wake ni kama tani moja, nikiifunga mipira migumu hivi nikipita tuta la Mwanakwerekwe naishia dirishani kwa watu.

Kaguna. Katoa mwengine ndani, "huu mpya kabisa", umepakwa dawa unang'ara, kashata zake za kukanyagia zote zipo. Mie nikaugeuza, maana ile tarehe mara nyengine inakuwa upande mmoja tu wa mpira na wauzaji wa aina hii wanajua upande upi wa kukuonesha. Nikafuta vumbi kwa kidole, nikaona ile namba ya kiwanda inayoanza na DOT, mwisho kabisa kwenye kidude cha duara kirefu, 3409. Wiki ya 34 mwaka 2009! Nikaukunja mpira ubavuni, nyufa zikafunguka, nikatia ukucha ukucha ukazama. Wenye viwanda wenyewe wanasema mpira ukifika miaka 10 tangu kutengenezwa uuweke pembeni hata kama haujawahi kugusa lami. Namwonesha, ananambia "mpira hauozi". Mpira hauozi!! Mtu anauza mipira miaka yote hiyo na hajui kama jua na joto vinaukausha.

Haya tuje kwenye rimu. Kijana kaleta rimu za Vitz. Kweli zina matundu manne na yangu ina matundu manne, lakini ukipima duara inayopita katikati ya matundu, Vitz ni milimita 100 na Datsun ni 114.3. Haziingii hata ukiziombea dua. Kijana ananambia "hapana tabu kaka, tunayatanua kwa tupa". Kwa tupa!!! Anataka nende mwendo wa Bububu na rimu iliyotanuliwa matundu kwa tupa! Bado nabishana na hilo, kijana mwengine yuko upande wa pili kachukua nati ya Toyota anaijaribu kwenye stadi yangu, ile bolti ya kufungia rimu, nati ya Toyota hesi yake (msokoto wake) ni milimita 1.5, stadi ya Datsun 1.25, imegoma, badala ya kuitoa kaikaza kwa spana. Nikasikia krrrrr. Hesi imekwenda. Stadi ya gari ya mwaka 1972.

Nikapiga kelele, ndiyo, nimepiga kelele, mtu gani asingepiga. Na hapo ndo huyu bwana, bila ya kunyanyuka, bila hata ya kutua kikombe, kasema kwa sauti mpaka wa ng'ambo ya barabara wakasikia: "Kijana punguza kelele, kwani hii gari au banda la kuku?"

Watu wote wakacheka. Muuza kahawa kacheka. Wateja waliokuwa wanapigwa pancha wakacheka. Kuna mama kashuka daladala hajui hata kinachoendelea na yeye kacheka. Mie nimesimama na stadi iliyoharibiwa hesi, nasikia banda la kuku, banda la kuku.

Huyu mtu anaachiwaje kuuza mipira? Hana haya, hana elimu ya kazi yake, anauza mipira iliyopasuka, na bado anatukana gari ilomshinda Porsche! Msiende kwake. Hata mkipata pancha mbele ya mlango wake sukumeni.

---

karafuu_kavu:
Hahahahaaaa banda la kuku. Weka picha tuone labda jamaa ana haki

Wete_Damu:
Pole sana ndugu yangu. Huyo namjua bila ya kutajwa, kaniuzia mpira mwezi wa Ramadhani nafika Mkokotoni ushapasuka, nimefuturu maji barabarani nangoja msaada. Nikarudi kwake kanambia "umepita na njia mbaya". Njia ya Mkokotoni ni moja!

fundi_makanika:
Mleta uzi pole kwa stadi, hiyo inagongwa nyuma ya habu na kutiwa nyengine si kazi kubwa, mradi upate ya milimita 12 hesi 1.25, za Nissan nyingi ndo hizo. Kuhusu mipira usijitese na 175 ya zamani, tafuta 195/70R14 (hiyo 70 ndo kimo, asilimia 70 ya upana), wenye 240Z wengi huko duniani ndo wanafunga. Ile 175 ya zamani haiandikwi kimo lakini kimo chake ni kama asilimia 80 ya upana, kwa hivyo mpira mzima unapata kiasi cha sentimita 64 kwenda juu, na 195/70 unapata kama 63, spidomita haitakudanganya sana. Usikubali 185/70R14 za Spacio ndo zimejaa madukani lakini ni fupi zaidi, gari itachuchumaa.

dukani_kwa_mjomba:
Mbona rahisi, chukua rimu za Bluebird ya zamani, zile za nati nne ni 114.3 hiyo hiyo na inchi 14. Zimo kwenye magereji zimelala.

fundi_makanika:
@dukani_kwa_mjomba usimharibie mtu gari. Bluebird hizo zinavuta mbele, rimu yake uso wake umetokeza nje na mwili wote umeingia ndani, ukiifunga kwenye Z ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma inakwenda kugusa shokapu. Itabidi utie spesa, kile kipande cha kuisogeza rimu nje, ukitia spesa stadi zinakuwa fupi, ukibadili stadi ushaingia gharama ya rimu mpya. Kama ana pesa aagize Watanabe Japani, zile za miguu minane, zipo za inchi 14 na nati nne, gari hizi ndo nguo yake.

dukani_kwa_mjomba:
Mie nimefunga Bluebird kwenye pikapu ya Datsun miaka na miaka haijagusa kitu

fundi_makanika:
Pikapu si 240Z. Basi.

mleta_uzi:
Fundi ahsante sana Mungu akuzidishie, hii 195/70 naiandika. Lakini jamani mmeisoma ile sehemu ya mwisho? Hakusema gari mbovu. Hakusema gari kongwe. Kasema BANDA LA KUKU. Na gari iko kwenye jeki. Na mpira wa 2009 uko mkononi mwake anauita mpya.

Binti_Kikwajuni:
Kaka tumeelewa banda la kuku, umeandika mara ngapi sasa. Mie naomba kuuliza, hii si ile gari ya rangi ya chungwa iliyokaa chini ya mwarobaini wetu miaka yote? Maana ile kuku walikuwa wanataga ndani wallahi, mama alikuwa anatutuma tukaokote mayai

karafuu_kavu:
MAYAIIII 😂😂😂 uzi ufungwe

mleta_uzi:
Sio hiyo! Yangu imekaa ndani ya uwa na turubai. Nyinyi badala ya kumsema aliyetukana mnanisema mie.

safu_ya_mbele:
Hebu muogopeni Mungu, mnayemsema ni mtu mzima na ni jirani yangu, msikitini hakosi. Maneno yake makali lakini moyo safi. Wengine mnakwenda kwake mnataka kukopa mkikataliwa mnakuja kumsengenya huku.

Wete_Damu:
Msikitini hakosi na mpira wangu umepasuka. Yote mawili ni kweli sheikh.

vespa_ya_babu:
Nyinyi wenye gari mnalia, sisi wa Vespa tuseme nini? 3.50-10 bado unapata, ila zangu ni zile kongwe za ringi ndogo 3.50-8, hizo mji mzima huzioni, ukiziona ni kama jiwe na bei ya mbuzi. Nikaona isiwe tabu nikaagiza Gerezani Dar, zikaja na boti siku hiyo hiyo, mipira haina neno. Kilichoniua ni hamali bandarini. Mipira miwili ya Vespa, mtoto wa chuoni anaibeba kwapani, kanitajia pesa nikadhani kanunua yeye

Jangombe_boy:
Hapo kwa hamali umegusa donda. Mie friji langu lilivuka bahari zima kabisa, halijapata mkwaruzo toka Dar, kutoka getini Malindi mpaka kwenye kirikuu hatua chache tu limeangushwa mara mbili. Mlango umechomoka! Namuuliza ananambia friji lilikuja limelegea

fundi_makanika:
Mahamali wengine wana adabu tusiwajumlishe. Muhimu mpatane bei kabla hajagusa mzigo, akishagusa umekwisha

Jangombe_boy:
Tulipatana! Kufika kwenye gari kasema ile bei ni ya friji tupu. Friji TUPU. Kwani mie nimelijaza samaki?

vespa_ya_babu:
Huyo namjua, mwenye fulana ya Simba?

Jangombe_boy:
Huyo huyo!! Na nduguye ndo aliyeangusha

Wete_Damu:
Kaangusha na godoro la dada yangu huyo, baharini. Linaelea watu wanapiga picha

mleta_uzi:
Wadau turudi kwenye mada tafadhali, nani anajua duka Mombasa au Dar lenye 195/70R14 mpya, tarehe isiyozidi miaka miwili? Niko radhi kuvuka mwenyewe.

Binti_Kikwajuni:
@Jangombe_boy godoro si hoja, hilo friji bado unalo? Linagandisha?

Jangombe_boy:
Linagandisha vizuri tu, mlango ndo unafungwa kwa kamba

Binti_Kikwajuni:
Nauza barafu na ubuyu mie, kamba hainidhuru. Bei gani mwisho, na unaleta mwenyewe, sitaki hamali mlangoni kwangu