Wiki ya saba, madaktari watatu, na hakuna hata mmoja aliyetazama magego ya sungura wangu

Ndugu zangu mnaofuga sungura,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Sungura wangu Kijivu, dume wa miaka minne, anaumwa kwa wiki ya saba sasa, na katika muda huo nimempeleka kliniki tatu za wanyama bila kumpata daktari aliyeona haja ya kumfungua kinywa mpaka nyuma. Silalamiki kwamba ugonjwa wake haujajulikana, kwa maana magonjwa yasiyojulikana yapo hata kwa binadamu. Ninacholalamikia ni kuandikiwa dawa na watu ambao hawajatazama.

Hali yake iko hivi. Anaziendea nyasi kavu kwa hamu, anachukua unyasi mmoja, anaubana kwenye pembe ya mdomo, anauzungusha mara mbili tatu, kisha anaudondosha na kujipangusa kidevu kwa miguu ya mbele kama mtu aliyeungua ulimi. Manyoya ya chini ya kidevu yamelowa na kushikamana. Siku tatu nne hula vizuri kiasi cha kunifanya nijilaumu kwa kuhangaika bure, halafu siku inayofuata hujikunyata kwenye kona, macho nusu wazi, akisaga meno kwa sauti kama ya mchanga chini ya kiatu. Kinyesi chake, ambacho zamani kilikuwa punje kubwa za mviringo zilizolingana, sasa hutoka vipunje vidogo vigumu, vingine vikiwa vimeungana kwa manyoya mfano wa shanga. Uzito umeshuka kutoka kilo 2.1 hadi 1.78. Yote haya yamo kwenye daftari ninaloliandika kila asubuhi na kila jioni.

Daktari wa kwanza hakulifungua daftari hilo. Alimwinua sungura mdomo wa juu, akasema meno ni mazima, akaongeza kwamba huenda nimemdekeza ndiyo maana anachagua chakula. Sungura ana meno 28, na 22 kati yake ni ya nyuma, ambayo huyaoni kwa kuinua mdomo. Yote hukua maisha yake yote, na gego likikua vibaya hutoa ncha inayokwaruza ulimi au shavu. Kwa hiyo mtu aliyetazama meno ya mbele peke yake amenipa majibu ya meno 6 na kunitoza ada ya kinywa kizima. Tena aliniagiza nisimpe chakula kuanzia usiku ili achukuliwe damu asubuhi, na mimi, kwa ujinga wangu wa wakati ule, nikatii. Mbwa na paka hunyimwa chakula kabla ya dawa ya usingizi ili wasitapike, lakini sungura hana uwezo wa kutapika, na utumbo wake unahitaji kusukumwa na nyuzinyuzi wakati wote. Ukisimama, gesi hujaa, maumivu humzuia kula, na kutokula huzidisha kusimama. Kufikia jioni ya siku iliyofuata Kijivu hakuwa ametoa hata punje moja, na joto la mwili lilikuwa nyuzi 37.4, ilhali la sungura mzima huwa kati ya 38.5 na 40. Nilikesha siku mbili nikimlisha uji wa peleti (punje za chakula cha sungura) zilizolowekwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, pembeni mwa mdomo.

Daktari wa pili ndiye aliyenitisha zaidi. Aliandika amoksilini ya kunywa. Nashukuru nilikuwa nimeanza kusoma, kwa sababu dawa za jamii ya penisilini zikipita kinywani mwa sungura huua bakteria wanaomsaidia kusaga chakula na kuwaachia nafasi bakteria wenye sumu, na sungura anaweza kufa kwa kuharisha ndani ya siku chache. Nilipouliza kwa adabu kama dawa hiyo inamfaa mnyama huyu, nilijibiwa kwamba hata watoto wachanga hupewa. Chupa ninayo hadi leo, haijafunguliwa.

Wa tatu, nakiri, alijitahidi kuliko wenzake, ila alikosea mahali pengine. Alipima damu, akakuta kingamwili dhidi ya Encephalitozoon cuniculi, kimelea kinachoweza kushambulia ubongo wa sungura, akatangaza kwamba kesi imekwisha, akaandika dawa ya siku 28. Sungura wengi wazima kabisa wana kingamwili hizo, kwa maana zinaonyesha tu kwamba mnyama aliwahi kukutana na kimelea. Dalili za ugonjwa huo Kijivu hana: hajapinda shingo, miguu yake ya nyuma haina udhaifu, na hazunguki nyumba kwa kuyumba. Nimemaliza zile siku 28, kidevu bado kimelowa.

Najua mtauliza mbona sikudai mwenyewe atazamwe magego. Nilidai, mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa itamsumbua mnyama, mara ya pili nikaambiwa kifaa hakipo. Lisilopo lingeweza kusemwa mlangoni kabla ya mimi kulipia, nami ningetafuta kwingine wiki tano mapema.

Sasa nimepata miadi kwa daktari anayetibu sungura mara kwa mara. Kwa simu tu aliuliza uzito, akauliza jicho lipi hutoa machozi, swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza (ni la kushoto, na lipo daftarini tangu wiki ya pili), akaeleza kwamba atampa dawa ya usingizi, atazame magego kwa taa, kisha apige eksirei ya fuvu kwa kuwa mizizi ya meno haionekani kwa macho. Ameniambia wazi kwamba huenda asikute kitu.

Ninachoomba kwenu ni uzoefu, si pole. Kama sungura wako alipitia eksirei ya fuvu, nieleze alichukua muda gani kurudi kula baada ya usingizi, na alipewa dawa gani ya maumivu. Tafadhali msinishauri nibadilishe aina ya nyasi. Nimekwisha kubadilisha mara nne. Kurasa za daftari nitampigia picha yeyote atakayezihitaji.