Tupeane uzoefu: sauti ya mwanadada gani ilikufanya uache ulichokuwa unafanya?

Wakuu, ubishi wa nani mkali kati ya Whitney Houston na Mariah Carey nimeubishia miaka na miaka, sijashinda wala kushindwa, kwa hiyo leo usitaje jina tu, lete na stori yako. Naanza mimi. Nilikuwa naosha vyombo, redio ikapiga ule wimbo wa Whitney wa 1992, I Will Always Love You, ule anaouanza peke yake bila chombo hata kimoja, nikaganda na sahani mkononi povu linadondokea miguuni na bomba linamwaga maji mpaka nikapigiwa kelele. Baadaye nikaja kujua wimbo wenyewe ni wa Dolly Parton, aliutoa 1974! Nikautafuta wa kwake, mtamu, umetulia, ila kwa Dolly vyombo nilimaliza.

—

Whitney usimguse. Ila wimbo huohuo uliniaibisha. Sherehe ya dada nikapewa maiki, nikaenda nao freshi tu mpaka pale ngoma inapopigwa mara moja, dum! halafu sauti inapanda. Ukumbi mzima kimya, unanisubiri mimi. Kilichotoka hapo hata mwenyewe sikukitambua. Dada mpaka leo akinipigia simu haanzi na salamu, anaanza na dum.

—

Nyie mnachanganya kelele na kipaji. Sade je? Hapandi popote, anakuongelesha tu kama mko wawili, na mvuto wake ni vile hana habari kama unamwangalia au humwangalii. Kazaliwa Ibadan, Nigeria, na toka 1984 mpaka 2010 albamu sita tu. Ex wangu alihama akasahau CD yake moja kwangu. Karudi kuifuata mara mbili, nikawa sipo (nilikuwepo).

—

Mimi nilibishana na kaka wiki nzima kwamba Tracy Chapman ni mwanaume, sauti ile nzito nilijua tu baba mtu mzima. Tukawekeana dau, atakayeshindwa anafua nguo za wote mwezi mzima. Akaniwekea video ya Wembley 1988, tamasha la miaka 70 ya Mandela, mwenyewe bado yuko jela, Stevie Wonder kapata shida ya vifaa ikabidi Tracy arudishwe jukwaani kuziba pengo. Binti kasimama na gita lake, hana madansa, hana mbwembwe, uwanja wote huo unamsikiliza yeye. Nilifua. Mrembo kuliko yule pale jukwaani sijamwona bado.

—

Celine Dion. Desemba 2022 alipotangaza ule ugonjwa wa kukakamaa misuli nikasema basi tena. Julai 2024 huyo yuko kwenye mnara wa Eiffel, usiku, anaimba Kifaransa. Bimkubwa wangu haelewi hata neno moja la Kifaransa, kashika rimoti, mi nataka kuuliza kitu akanikazia macho: "We, nyamaza."

—

Mleta mada hapa. Sade nimemuongeza kwenye listi yangu, na we mwenye CD rudisha mali ya watu. Ila mbona Mariah hana mtetezi hata mmoja?