Nataka turudi Kibokoni, mume wangu yuasema watu watasema tumefilisika

BintiKibokoni

Asalaam aleikum. Swali langu naliweka mwanzo, maana najijua nikianza kusimulia simalizi: kuna yeyote hapa aliyetoka kwenye nyumba za esteti akarudi Mji wa Kale wa Mombasa, mitaa kama Kibokoni kwetu, na watoto, hali mumewe hataki? Mlizungumza vipi mpaka mkaelewana?

Sasa kisa chenyewe. Tunaishi upande wa Kiembeni, esteti ya geti na soja. Nyumba zote zina rangi ya chai ya maziwa, na ukitaka kupaka geti lako rangi nyingine waandika barua. Nguo hazianikwi mbele. Sebuleni kwetu mna makochi ya ngozi yanayokaliwa na wageni tu, gipsamu yenye taa za buluu, na televisheni inayoshinda dirisha kwa ukubwa. Kila kitu humo tulikinunua baada ya kukiona kwa jirani, naye jirani alikuwa amekiona kwa mwingine. Hakuna hata kimoja nilichokipenda, na wallahi mume wangu naye sijamsikia hata siku moja akikisifu.

Mimi nilisomea kuchora ramani za majumba, hapa hapa Mombasa, chuo kikiitwa bado Polytechnic. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuipima nyumba ya nyanya yangu, Allah amrehemu, iliyoko Kibokoni. Nilipima kila daka (kishubaka cha ukutani) na kila boriti. Hapo ndipo nilipojua kwa nini vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba: boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, basi upana wa chumba hufuata mti. Nikasema kazi yangu ni hii, kutengeneza nyumba za mawe na chokaa. Nikaolewa, akaja wa kwanza, akaja wa pili, ikawa natengeneza mabuku ya shule.

Mume wangu naye alikuwa na lake. Yuko kwenye kliaringi, kutoa mizigo bandarini, ameajiriwa. Alitaka kujitegemea. Jina la kampuni alishalisajili, na karatasi zenye nembo alishazichapisha, maboksi kwa maboksi. Ile 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya Nairobi yote ipande reli ya SGR. Wateja aliowategemea wakawa wanatolea mizigo yao kule kule bandari kavu ya Nairobi, na sisi mkopo wa nyumba tulikuwa tushauchukua. Akabaki alipo, akashukuru kuwa mshahara bado waingia. Amri ilipoondolewa 2022 nikamwambia, haya, jaribu sasa. Akanijibu, "Na ada ya shule?" Tangu siku hiyo halijatajwa tena. Karatasi ziko stoo, watoto huzichukua kuchorea samaki.

Mwaka jana niliomba kujenga baraza nje ya geti letu. Baraza tu, la mawe, la kukaa mtu jioni akasalimiana na apitaye. Kamati ya wakazi ikakataa, eti litavuta vijana wa kukaa bure. Barua ya kukataa ilitiwa saini na katibu. Katibu ni mume wangu. Aliniletea mwenyewe, ndani ya bahasha iliyogundishwa, akaiweka mezani kando ya bakuli la mchuzi. Nikamuuliza, "Na wewe ulipiga kura gani?" Akasema, "Nikiwa katibu siwezi kumpendelea mke wangu." Nikainuka kukosha vyombo. Bahasha yenyewe ilikuwa na jina langu kamili, na "Bi." mbele yake.

Sasa wajomba zangu wamekubali tukae dari, yaani ghorofa ya juu, ya nyumba ya nyanya bila kodi, sharti niitengeneze. Ukuta wa chini fundi mmoja aliupiga plasta ya simiti miaka ya nyuma, na yeyote ajuaye mawe ya matumbawe ajua kilichofuata: unyevu umekosa pa kutokea, chumvi yasukuma, plasta yabambuka vipande vipande. Dawa yake ni kuitoa simiti yote na kurudisha chokaa. Kazi hiyo naiweza. Majirani waliniona nikipima wakaniuliza kama nitawaangalizia na yao, kwa malipo. Si pesa nyingi.

Nikakaa nikachora mpango mzima: sisi tuishi dari, nyumba ya Kiembeni tuipangishe, kodi ilipe benki. Nilichorea nyuma ya zile karatasi zake, maana ndizo zilizokuwa karibu. Akaichukua, akatazama mchoro, akaigeuza, akakutana na nembo yake. Aliitazama nembo muda mrefu kuliko alivyoutazama mchoro. Kisha akaikunja mara nne, akasema: "Watu watasema tumefilisika." Nikauliza watu gani. Akaanza kuwataja: wa namba tisa, wa namba ishirini na mbili, mwenyekiti. Hakumtaja mamake wala mamangu.

Hanipigi, haninyimi, na sina habari ya mwanamke mwingine. Ndiyo maana kila ninayemweleza huniuliza, basi wataka nini? Twasalimiana, twaulizana bili ya stima, twalala.

MkaaLikoni

Dada, mimi nitasimama na jamaa. Mtu ametafuta mpaka akapata nyumba yenye geti, maji ya tangi na mahali pa kuegesha gari, halafu umwambie arudi akabanane kwenye nyumba inayobambuka? Mimi kila asubuhi niko kwenye feri, nimesimama na mabegi ya watu mgongoni, nikiota hiyo Kiembeni yenu unayoikimbia.

Na kuna jambo umelipitia juu juu. Nyumba ni ya nyanya YAKO. Wajomba ni WAKO. Mwanamume akihamia upande wa mke, tena bila kodi, siku ya kwanza mjomba akiingia bila kubisha hodi ndipo utakapoona moto. Hao wa namba tisa ni kisingizio tu. Hilo la wajomba ndilo linalomkera, na hawezi kukwambia.

BiMkubwaNdiaKuu

Mwanangu, mimi nimezaliwa huku na niko huku. Nitakwambia kweli ili usije ukalia. Huku hakuna kamati, lakini kila dirisha ni kamati. Ukitoka na buibui lililokunjamana, habari itafika Mlango wa Papa kabla yako. Mume akichelewa kurudi, watu watajua kabla hujaangalia saa. Huko kwenu angalau wakikusema hawana hata jina lako, wakujua kwa namba ya nyumba.

Maji ndiyo hayo, leo yako kesho hayako, wanunua madumu kwa mkokoteni na wampa kijana cha kuyapandisha ngazi. Gari utaliacha mbali. Watoto wako wamezoea kuchukuliwa na basi la shule mlangoni. Huku basi haliingii vichochoroni. Haya yote yana njia yake, lakini mumeo ayasikie kwako kabla hajayaona mwenyewe.

Na hiyo rangi ya chai imenichekesha. Wajua kwamba huku nako huwezi kugusa roshani wala mlango wa nakshi mpaka upite ofisi ya uhifadhi? Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa tangu 1990. Watoroka barua, waja kwenye barua.

BintiKibokoni

@BiMkubwaNdiaKuu shikamoo mama. Hilo la ofisi nalijua, nilipeleka michoro pale nikiwa mwanafunzi. Lakini barua ya huko hukataza watu kuvunja baraza. Ya huku yakataza kulijenga. Mimi nikilazimishwa kufuata la watu, bora nifuate hilo la kwanza.

@MkaaLikoni hilo la wajomba limenikaa kichwani tangu asubuhi. Asante, hata kama umelisema kwa ukali.

WakiliWaJioni

Nipite haraka kwenye sheria, maana naona mnapanga kupangisha nyumba bila kuigusa hiyo sheria.

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haikodishwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya wote wawili. Kwa hivyo hata ungekuwa na hasira kiasi gani, mpangaji haingii mpaka mume aridhie, na yeye pia hawezi kuiuza nyuma yako. Angalia mambo mawili lakini. Kifungu hicho kinataja ndoa ya mke mmoja, na sheria hiyo hiyo inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, kwa hivyo mkifika kwa Kadhi hesabu inaweza kwenda kwingine. La pili, someni mkataba wa mkopo. Mara nyingi benki hutaka kutoa ruhusa ya maandishi kabla hujapangisha.

Mkifika mbali zaidi (Mungu aepushe), mchango wako hauhesabiwi kwa pesa tu. Kulea watoto na kazi za nyumbani vimetajwa ndani ya sheria hiyo. Ila usidanganywe kwamba ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama ya Juu ilishalisema hilo Januari 2023.

BintiKibokoni

@WakiliWaJioni sijafika huko. Lakini naweka akilini.

Manifesti

Mimi niko kliaringi, basi acheni nimsemee huyu ndugu, maana hayupo.

Mnaosema "amri iliondolewa 2022, ajaribu" hamjui kilichotokea katikati. Mteja aliyeondoka 2019 hakukaa Nairobi akikungoja. Alishapata wakala mwingine huko, wamezoeana, mwenzako ajua mizigo yake kwa kichwa. Mimi nilikuwa na wafanyakazi, niliwaachisha mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa shemeji yangu, ambaye mpaka leo kwenye harusi hukaa meza ya mbali. Huyu mume aliyebaki na mshahara wake alifanya hesabu, na kwa mwaka ule hesabu ilikuwa sawa. Taabu ni kuwa hesabu ya mwaka ule bado yuaitumia leo.

Huo ukatibu wa kamati pia msimcheke nao. Bandarini mtu kama yeye hupewa amri na mwajiri, na mwenye mzigo, na forodha, na dereva wa lori. Pale esteti ndipo pekee anapotia saini kitu kikafuatwa.

Sasa neno langu kwa dada. Hiyo nyumba ya nyanya ina chumba cha mbele chini, sivyo? Zile nyumba nyingi zilikuwa na duka au ghala chini, watu wakaishi juu. Siku hizi nyaraka za forodha hupitishwa kwa mtandao, huhitaji ghorofa nzima Moi Avenue. Kinachotaka pesa ni leseni, ambayo ni ya kila mwaka na ina dhamana yake. Kodi ya ofisi ndiyo iliyonimaliza mimi. Mtu asiyelipa kodi ya ofisi yuko mbele yangu sana. Na wajomba waandikieni mkataba, hata kama kodi ni shilingi mia. Mwanamume mwenye risiti mkononi haingiliwi na mtu bila hodi.

MkaaLikoni

@Manifesti hapo kwenye risiti nakupa mkono. Hata mimi ningehama.

BintiKibokoni

Narudi na habari, si kubwa.

Mjomba mkubwa nimempigia kuhusu mkataba, akacheka, kisha akaona mantiki. Atakubali kodi ndogo na karatasi ya kutia saini. Amesema iandikwe kwa jina la mume wangu. Nimekataa, iandikwe majina yote mawili. Amesema tutazungumza.

Kwa baba watoto sikuanza na nyumba. Nilimngoja amalize kujibu watu wa kamati, kulikuwa na ugomvi wa paka wa namba kumi na moja, nikamwambia kuna mtu wa kliaringi amenieleza habari ya kodi ya ofisi. Sikumwambia ni wa mtandaoni. Akanyamaza. Nikamwambia chini kuna chumba cha mbele, kimefungwa tangu babu alipoacha kuuza kamba na matanga. Akasema mji ule hauna pa kuegesha. Nikasema kweli. Akasema stima ya kule ni ya nyaya za zamani. Nikasema kweli, zitabadilishwa zote. Akachukua simu, nikajua yamekwisha.

Tulipokuwa tunazima taa akauliza, "Hicho chumba kina upana gani?" Nikamwambia mita mbili na nusu, boriti haziruhusu zaidi. Akasema dawati halitatosha.

Jumamosi nakwenda kupima tena. Sijamwalika. Nimesema tu kwa sauti, mbele ya watoto, kwamba natoka saa tatu na gari lina nafasi.

BiMkubwaNdiaKuu

Dawati latosha, mwambie aliweke kwa urefu wa chumba na kiti kitazame mlango, ndivyo alivyokaa marehemu mume wangu na vitabu vyake vya hesabu. Wewe sahau madaka kwanza. Anza na choo. Vyoo vya dari huvujia chini, na ukuta wenu ule huenda chumvi yake si ya plasta peke yake. Peleka tochi, na ubishe kwangu ukimaliza, mlango wa kijani baada ya fundi wa cherehani. Mkija wawili nitapika wali wa nazi, ukija pekeyo utakula mkate wa mofa uliobaki.