Naomba ushauri: bati la upande wa ziwa linainuliwa na upepo

Habari zenu ndugu, wakubwa shikamooni. Naishi Igombe hapa Mwanza, karibu kabisa na ziwa. Huku hatupati vimbunga kama kile cha Hidaya kilichopiga pwani Mei 2024, lakini dhoruba za Ziwa Victoria mnazijua: zinakuja usiku wa manane au alfajiri, upepo unatangulia, halafu radi na mvua.

Juzi bati mbili ziliinuka, zikawa zinapiga kelele mpaka kunakucha. Nilipopanda nikakuta misumari imechomoka nusu, raba zake zimekauka na kupasuka, na tundu kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati) limepanuka hadi msumari unaingia kwa kidole tu. Nimepigilia mipya pembeni na kuweka mawe juu. Mama mkwe hayataki hayo mawe, anasema yakiporomoka yataua mtu. Nakubaliana naye, maana wanangu wawili wanalala chini yake hapo.

Nyumba ni ya tofali za kuchoma, lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) ipo, bati ni geji 30, kenchi (fremu za mbao za paa) zimefungwa ukutani kwa waya wa kawaida.

Fundi mmoja anataka tubadilishe papi zote. Mwingine anasema skrubu za bati, na kenchi kufungwa kwenye lenta kwa nondo nyembamba, inatosha. Mliopitia hili, yupi nimsikilize?

Na TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitoa tahadhari ya upepo mkali kabla sijamaliza, watoto niwalaze chumba cha katikati au niwapeleke kwa jirani mwenye nyumba ya zege?