Siku ya beni imegeuzwa disko, na wazee wetu wamedhalilishwa!

Wakuu, nimeshindwa kulala kwa hasira, acheni niyaseme.

Jana tulikwenda kwenye onesho la uwanja wa wazi hapa Unguja mjini. Wiki nzima limetangazwa kuwa ni siku ya beni, ile ngoma yetu ya tarumbeta inayopigwa kwa kutembea mitaani, na utamaduni wa pwani. Nimekata tiketi nne, moja ya mama yangu mzazi, miguu inamsumbua lakini beni hakosi. Tangazo lilisema msafara utaondoka mtaani saa kumi alasiri, upite vichochoroni mpaka uwanjani. Tumesimama pa kuanzia mpaka magharibi inakaribia, ndipo akaja kijana na kitambulisho shingoni: msafara umefutwa, nendeni uwanjani.

Sasa beni isiyotembea ni beni gani? Ngoma hii imezaliwa njiani! Wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliianza mwishoni mwa karne ya 19. Walizitazama bendi za jeshi la wakoloni, wakachukua tarumbeta, kwata na vyeo vyake, wakavifanya ngoma yao ya kushindania heshima. Mombasa vilishindana vyama vya Kingi na Scotchi, Tanga na Dar es Salaam Marini na Arinoti, watu wakimwaga mali ili chama chao kisiaibike. Na huku kwetu hadi leo beni ikipita na harusi, tarumbeta na tromboni zinachukua kipande kile kitamu cha taarabu, kinamama wanaitikia, na aliye ndani anajifunga kanga anatoka kufuata.

Huko uwanjani wapigaji wamepandishwa jukwaani, wamepangwa mstari kama wanapigwa picha. Maiki zote zimewekwa kwenye ngoma, tromboni husikii kabisa. Kinamama waitikiaji wamezuiwa kupanda, eti jukwaa dogo. Mbele uzio na viti vya wageni rasmi, sisi nyuma. Mama alipoinuka kucheza, mlinzi akamwambia akae. Mtu mzima yule, kwenye beni, anaambiwa akae!

Wamepiga dakika 20 tu. Katikati ya wimbo dijei akazima maiki zao, akaweka bongofleva mpaka usiku. Mpiga tarumbeta mmoja, rika la marehemu baba yangu, akabaki kasimama na tarumbeta mkononi, hajui ashuke au aendelee. Uso wake ule siusahau. Nikamfuata nyuma ya jukwaa kumpa pole, akanambia hata maji hawakupewa, na malipo wameambiwa wasubiri wiki ijayo.

Waandaaji, najua mnapita humu. Walipeni wazee hawa leo hii. Pesa ya tiketi zangu nitaifuata mwenyewe. Na yeyote aliyerekodi kile kipande kabla hakijakatwa, tafadhali akiweke hapa, mama tangu asubuhi ananiulizia.