Mrejesho: daraja la gitaa lililokuwa linabanduka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini daraja la gitaa langu la nyuzi za chuma (kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni, kinachoshikilia nyuzi) linabanduka kila nikilibandika, na mmoja wenu akasema nichungulie kama kuna vanishi chini yake. Alipatia kabisa.

Nililipasha moto kwa pasi, nikapenyeza kisu chembamba taratibu. Papara ikaniponza: kibanzi cha mbao ya uso kikang'oka, ikabidi nikirudishe kwa gundi. Chini ya daraja nikakuta mzingo wa vanishi, upana kama milimita 3, pande zote. Yaani gundi ilishika katikati tu, huku nyuzi sita zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70!

Nikachora mpaka wa daraja kwa ncha ya kisu, nikaparua vanishi na gundi kuukuu kwa patasi mpaka mbao ikabaki tupu. Kisha gundi ya mbao, klampu (vibanio) tatu, gundi iliyofurika nikaifuta kwa kitambaa kibichi. Nikaacha saa 24, ingawa mkono ulikuwa unawasha kufunga nyuzi.

Wiki ya tatu sasa, hata karatasi haipenyi ukingoni. Kovu la kile kibanzi linaonekana, lakini sauti iko palepale.